Kabla ya Kuuza Shamba: Historia ya Dawa Zinazolinda Kongosho la Kupandikizwa



Mwanisamehe, leo sitaongea juu ya mbegu wala mbolea. Niko na lisanse ya agronomia, si ya udaktari, na hilo mulijue tangu mwanzo. Lakini kuna swali liliingia nyumbani kwetu, na kwa sababu mimi ndiye "uliyesoma" katika familia, swali likatua kwangu.

Jioni moja baba mdogo alikuja bila hata kuvua buti za shamba. Akanipa simu yake niangalie video. "Mwanangu, banasema sukari sasa inapona. Banapandikiza kitu ndani ya tumbo, mutu anaacha sindano kabisa. Wewe ulisoma. Unambie ukweli: nikiuza shamba la Buturande, itatosha?"

Binti yake ana miaka 17. Tangu akiwa na miaka 11 anajidunga insulini kila siku, kwa sababu ana ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza. Lile shamba ndilo linalotoa mahindi na maharagi ya nyumba nzima, na ndilo lililolipa masomo yangu ya univesite. Kwa hiyo swali halikuwa la kucheza. Nilimwomba anipe muda nisome. Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika hapa kwa sababu najua video hiyo imefika pia kwenye simu zenu.

Tuanze na kongosho lenyewe. Ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Mwaka 1869, kijana mmoja wa Berlin aitwaye Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, aliliangalia kwa mikroskopi akaona vikundi vidogo vya chembe visivyofanana na chembe za pembeni yake. Hakujua vinafanya kazi gani. Mwaka 1893 Mfaransa Édouard Laguesse akavipa jina la visiwa vya Langerhans, na ndilo jina tulilosoma sisi katika vitabu vya Kifaransa. Ndani ya visiwa hivyo ndimo insulini inatengenezwa. Katika aina ya kwanza ya sukari, kinga ya mwili inavishambulia visiwa hivyo na kuviharibu.

Mimi namueleza baba mdogo hivi: kinga ni sawa na sentinele wa parsele. Kazi yake ni kumtambua mwenyeji na kumfukuza mgeni. Katika sukari ya aina ya kwanza, sentinele amegeuka kumpiga mtoto wa nyumba.

Wazo la kurudisha kongosho kwa mtu aliyelipoteza ni la zamani kuliko insulini yenyewe. Mwezi wa 12 mwaka 1893, mjini Bristol, Uingereza, daktari Watson-Williams alichukua vipande vya kongosho la kondoo akavipandikiza chini ya ngozi ya kijana wa miaka 15 aliyekuwa anakufa kwa sukari. Kijana alifariki siku tatu baadaye. Insulini ilikuja mwaka 1922 kule Toronto, Kanada, na mgonjwa wa kwanza, Leonard Thompson, alikuwa na miaka 14 tu. Tangu hapo sukari ya aina ya kwanza ikaacha kuwa hukumu ya kifo, ikawa ugonjwa wa kuishi nao, kwa sharti moja: sindano isikosekane.

Sasa, kwa nini kipande cha kondoo hakikushika? Sisi wa kilimo tunafanya grefe kila siku. Unachukua kijiti cha avoka nzuri, unakifunga juu ya mche wa avoka ya kienyeji, na baada ya wiki chache kinashika. Mti unakubali, ilimradi mimea hiyo iwe ya ukoo mmoja. Mti hauna sentinele anayezunguka ndani ya utomvu akiuliza kila chembe kitambulisho. Mwili wa mtu unaye. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Peter Medawar alimfuatilia mgonjwa wa moto huko Glasgow aliyewekewa ngozi ya mtu mwingine. Ngozi ya kwanza ilikataliwa. Ya pili, kutoka kwa mtu yule yule, ilikataliwa haraka zaidi. Maana yake sentinele ana kumbukumbu: mgeni aliyemuona jana, leo hamchelewi. Ndiyo sababu figo ya kwanza iliyofanikiwa, tarehe 23 Desemba 1954 huko Boston, ilitoka kwa pacha kwenda kwa pacha mwenzake wa kufanana. Sentinele hakuona tofauti.

Lakini wangapi kati yetu wako na pacha? Kwa wengine wote, ilibidi kumtuliza sentinele. Dawa ya kwanza yenye maana ilikuwa azathioprini, iliyotoka katika kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, na ikaanza kusaidia wagonjwa wa figo mnamo 1962. Iliunganishwa na dawa za steroidi, na kwa miaka karibu 20 watu waliishi kwa mchanganyiko huo. Haukuwa mzuri sana, lakini ulikuwepo.

Sasa nifike mahali ambapo mimi kama agronome nilisimama nikashangaa. Dawa nyingi kubwa zilizofuata zilitoka kwenye udongo na kwenye ukungu. Yaani kwenye vile vitu tunavyovifundishwa sisi.

Ya kwanza ni siklosporini. Kampuni ya Sandoz ya Basel, Uswisi, ilikuwa na desturi moja: mfanyakazi akienda likizo, arudi na udongo kidogo wa huko alikotembea. Mwaka 1969 mmoja wao alileta udongo kutoka uwanda wa Hardangervidda, Norwe. Ndani yake kulikuwa na kuvu ambalo leo linaitwa Tolypocladium inflatum. Walikuwa wanatafuta antibiotiki. Kama antibiotiki, ilikuwa dhaifu. Lakini mwaka 1972 maabara iliona kwamba inatuliza kinga bila kuua chembe ovyo ovyo, na Jean-François Borel ni mmoja wa waliopigania isiachwe. Mwaka 1978 Roy Calne akaitumia kwa wagonjwa huko Cambridge. Mwaka 1983 Marekani ikairuhusu, na upandikizaji wa viungo ukabadilika duniani kote.

Ya pili ni sirolimu. Mwisho wa 1964, wataalamu wa Kanada walifika kwa meli kwenye kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya bahari ya Pasifiki. Mmoja wao, Georges Nógrády, aliona watu wanatembea miguu wazi na pepopunda hawaipati. Akagawa kisiwa katika sehemu 67 na kuchukua udongo wa kila sehemu. Udongo huo ulifika katika maabara ya Ayerst mjini Montreal. Humo Suren Sehgal na wenzake walipata bakteria inayotoa dawa ya kuua kuvu, wakaiita rapamisini kwa heshima ya jina la kisiwa. Maabara ya Montreal ilipofungwa, na kazi ikaamriwa kuachwa, Sehgal alihifadhi bakteria hiyo katika frigo ya nyumbani kwake. Mwaka 1999 ikaruhusiwa Marekani kwa wagonjwa wa figo.

Ya tatu ni takrolimu. Ilipatikana mwaka 1984 na kampuni ya Fujisawa, kutoka kwa bakteria ya udongo wa eneo la Tsukuba, Japani. Thomas Starzl akaanza kuitumia Pittsburgh mwaka 1989.

Ya nne ndiyo inayotugusa karibu zaidi. Mwaka ule ule wa 1893, daktari wa Italia Bartolomeo Gosio alikuwa anachunguza mahindi yaliyooza. Maskini wa nchi yake walikuwa wanaugua pelagra, na watu walidhani mahindi mabovu ndiyo yanayoileta. Ndani ya ukungu wa mahindi hayo alipata asidi ya mikofenoliki. Pelagra haikutoka huko, maana baadaye ilijulikana ni upungufu wa vitamini. Asidi ile ikakaa miaka mingi bila kuwa dawa ya kupandikiza viungo.

Aliyeiinua ni Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya. Ndiye aliyezunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu, na mwaka 1954 akaandika kwamba wenye nusu ya selimundu wanalindwa dhidi ya malaria. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliongoza Nairobi maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo, ile iliyokuwa inatafuta kinga ya ndigana na nagana ya ng'ombe. Kutoka huko alihamia California, na pamoja na mke wake, mwanasayansi Elsie Eugui, wakafuata wazo moja. Chembe nyingi za mwili ziko na njia mbili za kupata matofali ya kujengea DNA, lakini sentinele wale wanaoitwa limfosaiti wanategemea zaidi njia moja. Ukifunga njia hiyo, sentinele hawaongezeki, na chembe nyingine zinaendelea na maisha. Asidi ya Gosio inaifunga njia hiyo hasa. Dawa iliyotokana nayo, mikofenolati, iliruhusiwa Marekani mwaka 1995. Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza, Novemba 2017, Tanzania iliingia katika historia hii hii, maana takrolimu na mikofenolati ndizo dawa ambazo wagonjwa wengi wa figo duniani wanazimeza asubuhi na jioni.

Ngoja niseme neno kabla mtu hajakosea: ukungu wa mahindi yetu si dawa. Kwetu huku ukungu wa mahindi mara nyingi unaleta aflatoksini, na ile inaharibu ini. Kati ya ukungu na kidonge kuna miaka 102 ya maabara. Yakaushe mahindi yako.

Sasa turudi kwenye visiwa vyetu. Mwaka 1972 huko St. Louis, Walter Ballinger na Paul Lacy walivitoa visiwa katika kongosho za panya, wakawapa panya wengine wenye sukari, na sukari ikashuka. Upasuaji wa kupasua tumbo si lazima: kwa mtu, visiwa vinapitishwa kwa mrija hadi mshipa unaoingia kwenye ini, vinakaa humo na kutoa insulini. Ukisikia hivyo unasema, basi, tumemaliza.

Hapana. Shida ilikuwa dawa zenyewe. Steroidi zinapandisha sukari. Siklosporini, na hata takrolimu kwa kipimo kikubwa, zinaumiza chembe zile zile za insulini. Yaani unamtuliza sentinele kwa kumpa pombe, na pombe hiyo inamwagikia mtoto unayetaka kumlinda. Kati ya watu 267 waliopandikizwa visiwa tangu 1990 hadi mwisho wa muongo ule, asilimia 8 tu ndio waliopita mwaka mmoja bila sindano.

Mwaka 2000, kikundi cha James Shapiro huko Edmonton, Kanada, kilibadilisha mchanganyiko: hakuna steroidi, takrolimu kidogo, sirolimu ya Rapa Nui, na dawa nyingine ya sindano iitwayo daklizumabu. Tena walitoa visiwa vingi zaidi, vya wafu wawili au zaidi kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa 7, wote 7 wakaacha insulini. Dunia ikashangilia. Video ya baba mdogo, kwa kweli, ni mjukuu wa shangwe ile.

Lakini mwaka 2006 yakaja matokeo ya jaribio kubwa zaidi, lililofanyika katika vituo 9. Katika watu 36, baada ya mwaka mmoja 16 walikuwa bila sindano. Baada ya miaka miwili, kati ya hao 16 walibaki 5. Tarehe 28 Juni 2023 Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza tiba ya visiwa vya wafu, iitwayo Lantidra. Katika watu 30 waliojaribiwa, 21 walikaa mwaka au zaidi bila insulini, na 5 hawakupata hata siku moja. Na haikuruhusiwa kwa kila mgonjwa. Ni kwa watu wazima ambao sukari yao inashuka vibaya mara kwa mara, hata kama wanajitunza vizuri.

Mwaka 2025 kukaja visiwa vilivyokuzwa maabara kutoka chembe shina: kati ya watu 12 waliopewa kipimo kamili, 10 walikuwa bila sindano baada ya mwaka. Hizo ni habari njema sana. Lakini bado wanameza dawa za kutuliza kinga, na katika jaribio hilo mtu mmoja alikufa kwa kuvu iliyoingia kwenye utando wa ubongo. Sentinele akilala, wezi wanajua.

Nikakaa na baba mdogo chini ya mwembe, nikamhesabia polepole. Shamba likiuzwa, pesa inaweza kuisha kwenye safari tu, kabla hata ya kufika mlangoni mwa kituo chenyewe. Tuseme imetosha. Mtoto anarudi Kiwanja bila sindano ya insulini, lakini na vidonge vya kila siku, maisha yote. Akikosa siku chache, visiwa vinaweza kukataliwa. Damu yake ipimwe mara kwa mara ili kujua takrolimu ni nyingi au kidogo, maana ikizidi inaumiza figo. Na anaishi wapi? Anaishi penye malaria, penye kifua kikuu, penye kipindupindu kinachokuja na kurudi.

"Na barabara ikifungwa?" akauliza mwenyewe.

Hapo hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. Mwezi wa 10 mwaka 2022 vita ilipofika Rutshuru na Kiwanja, binti yule alitembea na insulini yake ndani ya termosi, amefunga kitenge juu yake. Chupa mbili ndizo zilizomfikisha. Nilimwambia baba mdogo: leo mtoto amefungwa na kamba moja. Tukifanya haraka, tutamfungua kamba hiyo na kumfunga na tatu, na mwisho wa zote tatu uko mbali na sisi.

Sikusema tiba ni uongo. Ni ya kweli. Lakini bado haijawa yetu, na tofauti hiyo ndiyo video haiisemi.

Hatukuuza shamba. Tulikubaliana kwamba kila mavuno, sehemu ya maharagi inauzwa na pesa yake inawekwa pembeni kwa insulini na bandeleti za kupimia, ili akiba ya miezi miwili isikosekane. Tena nilisoma kwamba Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Univesite ya Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi huko Dadaab, Kenya, wakatoa matokeo mwaka 2021: insulini ilibaki na nguvu kwa wiki 4 katika joto la kupanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Umeme ukikatika, basi, si lazima kuitupa. Tulimuuliza muuguzi anayemfuata, na sasa kuna chungu cha udongo chenye mchanga wa maji katika kona ya chumba, kama kile tunachowekea mboga.

Tena udongo unaingia katika hadithi hii, na hapo ndipo ninataka kuwaachia ninyi wenzangu neno. Watu wa Rapa Nui walitoa udongo ambao umeleta dawa ya mamilioni ya dola, na kwa miaka mingi jina la kisiwa chao lilibaki kwenye kidonge tu. Tangu 2010 kuna Itifaki ya Nagoya, inayosema anayechukua kiumbe au mbegu ya nchi ya watu lazima aombe ruhusa na kugawana faida. Sisi tunakaa juu ya udongo wa volkano, pembeni ya Virunga. Katika masomo yangu nilipima azoti, fosforasi na asidi ya udongo huu. Hakuna siku hata moja niliyouliza ni viumbe gani vinaishi ndani yake na vinatoa nini. Nógrády alihitaji mifuko 67 na swali moja zuri. Mifuko tunayo.

Binti yule alisoma andiko hili kabla yenu. Aliniuliza: "Yaya, basi ile ya bila vidonge itafika lini?" Nilimwambia kwamba, kwa matokeo yaliyotolewa mwaka 2025, huko Uppsala, Uswidi, mtu mmoja aliwekewa mkononi visiwa vilivyobadilishwa ili sentinele asivione, hakumeza dawa yoyote ya kutuliza kinga, na baada ya wiki 12 visiwa vilikuwa bado hai. Ni mtu mmoja, na kipimo kilikuwa kidogo, hakikutosha kuacha insulini. Lakini mlango umeanza kufunguka.

Akafikiri kidogo, akasema: "Basi mimi nitaingoja nikiwa mzima."

Akaenda kuchukua sindano yake ya jioni.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu kuna mtu wa namna hii na mnapanga kuuza kitu, andika hapa chini kwanza tuongee. Na ninyi wenzangu wa biolojia na udaktari, mukiona nimekosea mahali, munirekebishe bila kuogopa.